Anaposema "Niko Muzuri": Kuutambua Uchungu wa Roho wa Mgonjwa wa Kansere

Mazungumzo kwa mama wanaokuja kliniki, Lusangi

   Anayenyonyesha anyonyeshe. Mtoto akilia tusikasirike, ndiyo kazi yake.

Siku nyingine tunazungumza juu ya kilo za mtoto, chanjo, chandarua cha mbu na maji ya kuchemsha. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao mizani haiupimi wala termometri haiuonyeshi. Ni uchungu wa roho wa mgonjwa aliyelala hospitali kwa sababu ya kansere.

Labda mtasema: "Hayo ni mambo ya dokta. Sisi tulikuja kupima watoto." Basi niwaulize: nani analala chini karibu na kitanda cha mgonjwa? Nani anampikia wali na sombe, anamwosha, anafua nguo zake? Si dokta. Ni mama yake, dada yake, binti yake, mke-mwenza wake, shemeji yake. Ni ninyi. Dokta anapita asubuhi, anauliza, "Mama, uko namna gani?" Mgonjwa anajibu, "Niko muzuri, munganga." Dokta anaandika na kwenda ku kitanda kingine. Lakini wewe uliyelala pale ulimsikia akilia saa tisa ya usiku. Mwenye habari ni wewe.

Neno moja nataka mrudi nalo nyumbani leo: MGONJWA ANAYENYAMAZA SI LAZIMA ANA AMANI. Mengine yote tutakayosema ni kulieleza neno hili.

Tuseme kuna mama mmoja

Tuseme kuna mama mmoja, mama wa watoto wanne. Alianza kutoka damu wakati usio wake. Alinyamaza miezi mingi kwa haya. Halafu maumivu ya kiuno yalimshinda, jamaa wakambeba kwa kipoyi mpaka hospitali. Wanganga walipima, wakasema ni kansere ya mlango wa kizazi, na dawa itakuwa ya siku nyingi.

Juma la kwanza alikula vizuri. Juma la pili alianza kurudisha sahani. Alimgeukia ukuta, akajifunika kitenge hata kichwa. Watoto walipokuja kumsalimu, hakunyosha mkono. Jamaa wakaanza kusema. Shangazi alisema, "Ana kiburi, anakataa chakula chetu." Mwingine alisema, "Wamemloga." Mwingine alisema, "Mwacheni, ametulia, anapumzika."

Mama zangu, nani kati yao alisema kweli? Hakuna hata mmoja. Tutarudi kwake baadaye.

Kwa nini kansere inaumiza roho

Mwili wetu umejengwa kwa vipande vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa kawaida vinazaliwa na kufa kwa mpango. Katika kansere vinaanza kuongezeka bila mpango, kama majani mabaya katika shamba la mpunga, hata vinanyima mpunga nafasi. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita saratani. Kwa wanawake inayoonekana sana ni kansere ya ziwa na ya mlango wa kizazi.

Ugonjwa huu unaingia katika roho kwa milango mingi:

Kwanza, MAUMIVU. Anayeumwa usiku na mchana hawezi kufikiri jambo lolote zuri.

Pili, HAYA. Damu, majimaji yenye harufu, ziwa lililokatwa, nywele zilizoanguka kwa sababu ya dawa. Mwanamke anajiuliza, "Mimi ni mwanamke bado?"

Tatu, HOFU. "Watoto wangu watabakia na nani?"

Nne, DENI. Mbuzi ameuzwa, baiskeli imeuzwa, na dawa hazijaisha.

Tano, UPWEKE. Nyumbani ni mbali. Bwana alikuja mara moja, hakurudi tena.

Sita, UCHUNGU WA ZAMANI. Wengi wetu tumekimbia vita tangu 1996, tumezika watu njiani, tumeona mambo ambayo hatujamwambia mtu. Mtu akilala kitandani siku nyingi bila kazi ya mikono, mambo hayo yanarudi usiku.

Na sisi watu wenye afya tunaongeza mlango wa saba: MANENO MABAYA. Wengine wanasema kansere inaambukizwa kwa sahani, wakamtengea mgonjwa kikombe chake. Si kweli. Kula naye, lala karibu naye, mpe mtoto wake amkumbatie. Hautapata kansere.

Wengine wanasema ni adhabu ya uzinzi. Sikilizeni vizuri. Kansere ya mlango wa kizazi inaanzishwa na kijidudu kinachoitwa HPV, nacho kinapita mume na mke wanapolala pamoja. Karibu kila mtu aliyeoa ao aliyeolewa anakutana nacho wakati mmoja wa maisha yake. Kwa wengi kinatoka chenyewe bila kuacha alama. Kwa wachache kinakaa miaka mingi, na kansere inatokea. Basi mama mwaminifu kabisa anaweza kuugua. Ukimwambia mgonjwa, "Ulitafuta mwenyewe," umemtia jeraha lingine juu ya jeraha lake, na umesema uongo.

Kuhani aliyeona vibaya

Katika Maandiko iko habari ya Hana. Alikuwa na uchungu mkubwa kwa sababu hakuwa na mtoto. Alilia, akakataa kula. Bwana yake Elkana alimpenda, lakini alitaka kufunga uchungu ule kwa neno moja, akamwuliza kama yeye hamtoshi kuliko watoto kumi. Hana aliendelea kulia. Alipokwenda kuomba, midomo yake ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli alimtazama, akadhani amelewa.

Angalieni mambo haya. Bwana mwenye upendo hakuona. Kuhani mwenye kazi ya kuona naye hakuona. Kwa nini Eli alijua kweli mwisho? Kwa sababu Hana alipata nafasi ya kueleza, na Eli alikubali kusikiliza.

Hata leo iko vile. Mgonjwa anakataa chakula, tunasema ni kiburi. Anakasirika, tunasema ana roho mbaya. Ananyamaza, tunasema amepumzika. Tumuulize kwanza.

Dalili za kuangalia

Huzuni si ugonjwa kila mara. Mtu akiambiwa ana kansere, akilia siku tatu, akikosa usingizi, hiyo ni huzuni ya mtu yeyote. Inakuja na kupungua. Akimwona mtoto wake anacheka kidogo. Lakini ikiwa huzuni inakaa karibu kila siku, tangu asubuhi hata usiku, juma mbili ao zaidi, na haipungui kwa kitu chochote, huo umekuwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Nao unahitaji matunzo yake.

Iko shida moja. Kukosa hamu ya chakula, kukonda, kuchoka na kukosa usingizi kunaweza kuletwa na kansere yenyewe, ao na dawa zake. Basi msiangalie mwili peke yake. Angalieni dalili hizi za roho:

1. Hafurahi tena kitu alichokipenda. Alipenda kuimba, haimbi. Alipenda habari za nyumbani, haulizi tena.

2. Anageukia ukuta, anajifunika, hataki kuonana na watu, hata watoto wake.

3. Anasema, "Mimi ni muzigo," "Ninawapotezea feza," "Nimelaaniwa."

4. Haoni kesho. Ukimtajia wakati wa kupanda ao sikukuu, anasema, "Hiyo ni yenu."

5. Ana hofu isiyotulia. Moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, anamwita mlinzi kila mara, anaogopa giza.

6. Anakasirika kwa jambo dogo, na zamani hakuwa hivyo.

7. Anakataa dawa, ao anasema mpelekeni nyumbani, na hasemi sababu.

8. Anasema afadhali afe.

Ukiona moja, mkaribie. Ukiona mawili ao matatu siku nyingi, mwambie munganga. Usingoje akuulize. Ukiona ya nane, usingoje hata kesho.

Mambo mawili yanayofanana na uchungu wa roho

La kwanza ni MAUMIVU YASIYOTULIZWA. Mama mwingine anageukia ukuta kwa sababu anaumwa tu, na amefundishwa kwamba mwanamke anavumilia. Muulize, "Unaumwa sasa? Wapi? Dawa inakusaidia mpaka saa ngapi?" Halafu umwambie munganga. Kwa maumivu makubwa ya kansere iko dawa inayoitwa morfini. Katika 1993 Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda ku Kampala, na huko wagonjwa wanapewa morfini ya maji, ya kunywa, hata nyumbani kwao. Wengi wanaogopa dawa hii, wanasema ni ya kumaliza mtu. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha munganga na kwa saa zake, inatuliza maumivu, mgonjwa analala na kuzungumza. Inafunga tumbo, basi umwambie munganga akupe pia dawa ya kulainisha. Mara nyingi maumivu yakipungua, uso unafunguka.

La pili ni KUCHANGANYIKIWA KWA GHAFULA. Jana alizungumza vizuri, leo hajui siku, hamtambui mtoto wake, anaona watu wasiopo, na usiku inazidi. Watu watasema ni mashetani. Lakini inaweza kuwa malaria, ao homa ya jeraha, ao upungufu wa maji, ao dawa, ao mafigo yameziba, maana kansere ya mlango wa kizazi inaweza kufunga njia ya mkojo. Mwite munganga saa ile ile. Kuomba ombeni, lakini munganga aitwe kwanza.

Namna ya kuuliza

Chagua saa ya utulivu, wageni wakiisha kwenda. Kaa chini, macho yako yawe sawa na macho yake. Usisimame juu yake kama askari. Uliza polepole, "Mama, mwili nauona. Roho yako iko namna gani?" Halafu nyamaza. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Sisi mama tunapenda kujaza kimya kwa maneno. Acha kimya kifanye kazi yake.

Kama hawezi kusema, iko njia nyingine. Ku New York, nchi ya Marekani, Dokta Jimmie Holland alianza katika 1977 kazi ya kuangalia roho za wagonjwa wa kansere katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Yeye na wenzake waliona kwamba mgonjwa anaona haya kusema, "Roho yangu inaugua," lakini haoni haya kutaja namba. Katika 1998 walitangaza picha ya termometri ya karatasi. Chini iko 0, maana yake hakuna uchungu. Juu iko 10, maana yake uchungu umepita nguvu. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Siku hizi akionyesha 4 kwenda juu, wanganga wanamwuliza zaidi.

Sisi hatuhitaji karatasi. Chukua punje 10 za mahindi, weka katika sahani. Mwambie, "Kama roho yako haikuuma hata kidogo juma hili, usichukue. Kama inauma kupita nguvu yako, chukua zote." Hesabu zile alizochukua. Zikiwa 4 ao zaidi, mwambie munganga. Kisha uliza, "Punje hizi ni za nini?" Moja ni ya deni, moja ni ya mtoto mdogo, tatu ni za maumivu. Hapo mgonjwa ameanza kusema, na wewe umejua pa kusaidia.

Ya kusema na ya kuacha

Acha kusema, "Usilie." Machozi hayaui mtu.

Acha kusema, "Jikaze, wengine wanaumwa kuliko wewe." Uchungu wa jirani hauponyi wangu.

Acha kusema, "Utapona tu," kama hujui. Mgonjwa anajua kwamba hujui, na kesho hatakuambia tena.

Acha kunong'ona mlangoni. Jamaa wengi wanamwambia munganga, "Asiambiwe." Lakini mgonjwa anaona nyuso zetu, anasikia sauti zinakatika akigeuka. Anajua, na amebaki peke yake na kujua kwake. Afadhali aulizwe, "Mama, unataka munganga akueleze yote, ao kidogo, ao azungumze na mtu unayemchagua?" Yeye ndiye mwenye mwili, yeye achague.

Sema, "Niko hapa." Sema, "Sitakimbia." Sema, "Nieleze, hata kama ni mabaya."

Ninyi Wakristo na ninyi Waislamu, wote mnamjua Ayubu. Biblia inaeleza kwamba rafiki zake watatu walipoona taabu yake, walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Siku zile 7 walikuwa rafiki wema. Walipofungua kinywa kutafuta dhambi yake, ndipo walipoharibu. Basi sisi tushike siku zile 7.

Msidhani kwamba kusikiliza ni kazi ndogo. Ku Harare, nchi ya Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda alianza katika 2006 kuwafundisha mama wazee wa mtaa, koko wenye wajukuu, wakae na watu wenye uchungu wa roho ku benchi la mbao karibu na kliniki. Washona wanaita uchungu huo kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema mawazo mengi. Koko wale wanasikiliza, wanachagua pamoja na mtu shida moja, wanatafuta pa kuanzia. Utafiti uliotangazwa katika 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, watu walioketi nao walikuwa na ugonjwa wa huzuni kidogo kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Mama zangu, benchi tunazo, na koko tunao.

Hatari kubwa: akitaka kufa

Sasa nitasema neno zito. Mgonjwa mwingine anatamani kufa, na mwingine anafikiri kujiua. Tunaogopa kuuliza, tunadhani tukitaja tutamfundisha. Sivyo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Uliza wazi, "Mama, umefikiri kumaliza maisha yako?"

Angalia sana kama anaficha vidonge chini ya mto, kama anagawa vitenge vyake bila sababu, kama anaaga watu, ao kama alikuwa na uchungu mwingi na ghafula ametulia kabisa. Hapo fanya hivi: usimwache peke yake hata nukta moja. Ondoa vidonge, kisu, wembe na kamba. Mtume mtu amwite munganga wa zamu saa ile ile, hata usiku. Na ukiambiwa, "Usimwambie mtu," usikubali siri hiyo. Siri nyingine zinatunzwa, hii haitunzwi.

Munganga atafanya nini?

Ataangalia kwanza maumivu, homa na mkojo. Atazungumza na mgonjwa bila haraka. Akiona huzuni imekuwa ugonjwa, dawa za ugonjwa huo ziko. Lakini dawa hizo hazitendi kazi siku moja. Juma 2 hata 4 zinapita mbele ya kuona faida, basi msiziache siku ya tatu mkisema hazina nguvu. Mlinzi azitunze mwenyewe, ampe mgonjwa moja moja kwa kipimo, asimwachie pakiti. Mgonjwa akitaka padri, mchungaji ao shehe, aitwe, lakini aje kufariji, asije kuhukumu. Na zahama ya feza isemwe wazi kwa wakubwa wa hospitali mapema, isiachwe mpaka mgonjwa atoroke usiku.

Mtoto mgonjwa

Kansere haichagui wakubwa tu. Katika 1958 Dokta Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago ku Kampala, alieleza kansere ya watoto inayovimbisha taya na kulegeza meno. Inakua mbio sana, lakini dawa inaisikia vizuri ikianza mapema. Mama, taya la mtoto likivimba, usingoje, mlete.

Mtoto hawezi kusema, "Roho yangu inauma." Anaonyesha kwa michezo. Mtoto mgonjwa aliye na nafuu kidogo anataka kucheza. Kama hachezi, haangalii wenzake, anakojoa kitandani na alikuwa ameacha, anashika kitenge chako na hataki uondoke, roho yake inaogopa. Usimdanganye kwamba sindano haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, mimi nitakushika." Mpe kitu cha kuchezea, hata gari la mabua.

Na wewe unayemlinda

Wewe nawe ni mtu. Unalala ku saruji, unakula mara moja, watoto wako wako mbali. Ukianza kulia kila siku, ao kumkasirikia mgonjwa, ao kukosa usingizi, usijione mbaya. Umechoka. Jamaa wapange zamu: juma hili dada, juma lile shemeji. Wanaume nao waje. Kumlinda mgonjwa si kazi ya mwanamke mmoja mpaka aanguke. Sema nawe na munganga, ao na mama mwenzako.

Turudi kwa yule mama

Yule mama wa watoto wanne alikuwa na mdogo wake. Usiku mmoja, wageni wamekwisha kwenda, mdogo alikaa chini karibu na kitanda, akamshika mkono, akauliza, "Dada, roho yako iko namna gani?" Kimya kikawa kirefu. Halafu mgonjwa akasema kwa sauti ndogo:

"Mudogo yangu, nilisikia bwana anasema atauza shamba ya mupunga juu ya dawa yangu. Watoto watakula nini? Afazali nikufe sasa, shamba ibakie."

Kumbe! Kukataa chakula hakukuwa kiburi. Hakukuwa ulozi. Hakukuwa kupumzika. Alikuwa anajiua polepole kwa njaa, apate kuwaachia watoto shamba.

Mdogo wake hakumgombeza. Alisema, "Asante kwa kuniambia. Siwezi kunyamaza na neno hili." Usiku ule ule alimwita munganga wa zamu, na hawakumwacha peke yake. Asubuhi bwana aliitwa, na wakubwa wa jamaa, wakazungumza mbele ya mgonjwa mwenyewe, si mlangoni. Walikubaliana shamba lisiuzwe, na deni lilipwe kidogo kidogo na ndugu wote. Munganga alitengeneza dawa ya maumivu, akampa na dawa ya huzuni.

Je, kansere iliondoka siku ile? Hapana, sitawadanganya. Lakini alianza kula. Alifungua uso. Aliwaita watoto wake wanne, akamsuka binti yake nywele akiwa amekaa kitandani. Alisema mwenyewe ni nani atamlea mdogo wao kama yeye hatarudi. Siku zake, nyingi ao chache, zilikuwa zake tena.

Mama wapenzi, hatuwezi kuponya kila kansere. Lakini hakuna hospitali iliyo maskini hata ikose mtu wa kuuliza, "Roho yako iko namna gani?" na kungoja jibu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Je, umewahi kumlinda mgonjwa aliyenyamaza? Sasa unadhani alikuwa na nini?

2. Huzuni ya kawaida na huzuni iliyokuwa ugonjwa zinatofautiana namna gani?

3. Mgonjwa akisema, "Mimi ni muzigo kwenu," utamjibu nini?

4. Mgonjwa akianza ghafula kusema ovyo usiku, utafanya nini kwanza?

5. Akikuambia anataka kufa, akakuomba utunze siri, utafanya nini?

Sasa tupime watoto. Na mama yeyote mwenye damu isiyo ya wakati wake, ao kivimbe ku ziwa, ao uchungu wa roho, abakie kidogo nyuma. Hatutamtaja jina mbele ya watu.